Mashine ya majani imegoma kuwaka? Pitia haya kabla hujaita fundi

Hapa Mwanza ukitembea Bwiru, Nyegezi, Buswelu hadi kule Kisesa utakuta nyumba nyingi zenye uwanja zina mashine imelala pembeni ya stoo, ya kukatia majani au pampu ya kumwagilia bustani au ile pawatila ya mzee iliyolima majaruba miaka hiyo, imefunikwa turubai lililotoboka na kuku wanalala juu yake, ukiuliza inaumwa nini unajibiwa iligoma tu. Alafu huyo huyo mwenye nyumba kila mwezi anatoa hela kwa kijana wa kufyeka. Mimi inaniuma sana kwasababu nyingi ya hizo mashine hazijafa, zimelala na petroli ndani. Injini ndogo ya petroli inaharibiwa na kukaa kuliko inavyoharibiwa na kazi, hilo ndo nataka ulishike, maana ukilishika hutaanza kwa kununua spea, utaanza kwa kusafisha.

Nazungumzia hasa zile injini ambazo oili inakaa peke yake chini na petroli peke yake kwenye tenki. Nyingi zilizoko huku ni Honda GX160 yenye cc 163, au za Kichina zilizoigwa kutoka humo, kwahiyo vipimo nitakavyotaja ni vya hiyo. Kama yako ni aina nyingine njia ni ile ile ila vipimo tafuta vya kwake.

Usalama kwanza. Kabla hujagusa kisu cha mashine ya majani chomoa kofia ya plagi uisogeze mbali kabisa, maana ukizungusha kisu kwa mkono unazungusha injini, na injini yenye moto inaweza kushika mara hiyo hiyo moja ikakuondoa vidole. Usiwashe injini ndani ya stoo iliyofungwa hata kwa kujaribu tu, moshi wake una kaboni monoksaidi, haina harufu na inaua. Na petroli isiwe karibu na jiko la mkaa, mama akiwa anapika uani wewe hamia upande wa pili wa nyumba, wala usianze kujadiliana naye.

Vifaa sio vingi. Spana namba 10, 12 na 14, spana ya plagi ya 21, bisibisi ya bapa na ya nyota, plaizi, mswaki wa zamani, msasa laini, chupa ya maji inayoonyesha ndani, na kipande cha waya wa umeme ule wenye nyuzi nyembamba nyembamba za shaba. Na simu ya kupigia picha, hiyo usiidharau.

Haya tuanze. Watu wengi wakikuta mashine haiwaki wanavuta kamba mpaka bega linauma alafu wanaanza kufungua chochote kinachofunguka. Usifanye hivyo. Vuta kamba mara tano sita choki (kile kiwiko cha kupunguza hewa wakati wa kuwasha) ikiwa imefungwa, alafu chomoa plagi uiangalie mdomo. Kama ni kavu kabisa, mafuta hayafiki, nenda upande wa tenki na kabureta. Kama imelowa petroli, mafuta yanafika ila hayaungui, nenda upande wa moto, yani cheche za plagi. Hiyo dakika moja inakuokolea mchana mzima.

Tuseme ni kavu. Funga koki ya mafuta, vua ule mpira unaoingia kwenye kabureta, elekeza kwenye chupa alafu fungua koki. Yanatakiwa yatoke mfululizo. Yakidondoka tone tone basi chujio la kwenye koki au lile la ndani ya tenki limeziba, na mara nyingi ni kutu na mchanga, vua osha rudisha. Sasa ile chupa iweke kivulini itulie kidogo alafu iangalie kwa chini. Maji ni mazito kuliko petroli kwahiyo yanakaa chini, utaona mstari kabisa unaotenganisha. Wenzetu wa Ukerewe na Kome, na visiwa vingine ambako mafuta yanafika kwa madumu ndani ya mtumbwi, hiki kipimo wakifanye kila wanaponunua, na hata huku mjini ukinunua yale ya kwenye chupa za barabarani fanya hivyo hivyo. Harufu nayo inasema. Petroli mpya inapanda puani haraka, ya zamani inanuka vanishi na rangi yake imegeuka kahawia. Ikikaa zaidi ya mwezi inaanza kuchoka, ikikaa toka masika mpaka vuli hiyo mwaga kwenye dumu la taka, usiichanganye na mpya ukidhani unaokoa hela.

Kuna ugonjwa mmoja unasumbua watu sana hapa: mashine inawaka vizuri, inafanya kazi dakika kumi, inazima, ukiiacha ikapumzika inawaka tena. Legeza mfuniko wa tenki ikizima. Ukisikia hewa inaingia fyuuu na mashine ikawaka, basi katundu ka hewa kwenye mfuniko kameziba, mafuta yanashindwa kushuka. Osha mfuniko, umemaliza, wala hujatoa hata mia.

Sasa kabureta, na hapa nitakaa maana ndo penye ugonjwa wenyewe. Petroli ikikauka ndani ya kabureta inaacha gamba la gundi ya kahawia, na kama kulikuwa na maji unakuta unga mweupe kwenye aluminiamu, sasa jeti, yani kile kipande kinachopitisha petroli kwenda kwenye injini, tundu lake ni dogo sana, kachembe tu kakikaa pale injini haili.

Mara nyingi huhitaji kushusha kabureta yote. Funga koki, weka kikopo chini, fungua bolti moja ya 10 iliyoko chini ya bakuli la kabureta. Sio ile ya pembeni, hiyo ya pembeni ni ya kumwagia tu. Bakuli litashuka na petroli kidogo, angalia kilichomo. Ukiona unga, kutu au ute, umeshampata mwizi. Gasketi ya bakuli, ule mpira wa duara, itoe taratibu na usiiache kwenye petroli maana inavimba na kurudi kwenye mfereji wake inagoma, ikivimba iache ikauke itarudi.

Juu kule katikati kuna kinguzo, ndani yake ndo imekaa jeti kubwa, ya shaba ya njano. Tafuta bisibisi ya bapa inayoenea sawasawa kwenye mfereji wa jeti, sio ndogo, kwasababu ikiteleza inakula kichwa na hapo umejitafutia kazi nyingine. Ikitoka, gonga kabureta polepole kwa mpini wa bisibisi na kale kabomba kenye matundu mengi pembeni katadondoka kenyewe. Shika jeti uielekeze kwenye mwanga wa mchana uchungulie, unatakiwa uone duara safi la mwanga. Ukiona giza, au duara limeliwa upande mmoja, ndo hapo. Chukua unyuzi mmoja tu wa shaba kutoka kwenye ule waya wa umeme, pitisha, zungusha, vuta. Usitumie pini wala sindano wala spoku, chuma kinakwangua shaba na tundu likipanuka mashine itakunywa mafuta na kutoa moshi mweusi siku zote za maisha yake. Yale matundu ya pembeni ya kabomba nayo pitisha moja moja usiruke hata moja.

Kama unga umezidi, sasa ndo ushushe kabureta yote. Vua chujio la hewa kwanza, alafu kabla hujachomoa kitu kingine piga picha zile spring na kile kiungo cha waya kinachotoka kwenye gavana (ile inayodhibiti mwendo wa injini), piga juu, piga pembeni, piga tena. Ile spring nyembamba inayokaa pamoja na kiungo ukiirudisha tundu lisilo lake injini itakuwa inapanda na kushuka mlio yenyewe na utadhani kabureta bado chafu. Ikishashuka ipulizie spray ya kusafishia kabureta kwenye kila tundu, alafu ipeleke kwa kijana wa pancha hapo barabarani akupulizie upepo wa kompresa, ni hela ndogo na upepo wa mdomo haufanyi kazi hiyo. Vaa miwani au geuza uso maana ile dawa ikirudi machoni utajuta.

Kabla ya kufunga kagua floti, lile boya linaloelea kwenye petroli ya bakuli, na sindano yake inayofunga mafuta bakuli likijaa. Tikisa floti karibu na sikio, ukisikia kitu kinachezacheza ndani imetoboka na imekunywa petroli, nunua nyingine. Sindano ina ncha laini, ukiona imechimbika mduara haifungi tena, na dalili yake ni kabureta kuvuja petroli au oili ya injini kuongezeka na kunuka petroli, yani mafuta yameshuka mpaka chini. Ukikuta hivyo usiiwashe mpaka umebadilisha oili, kwasababu oili yenye petroli hailainishi chochote. Kipimo cha sindano ni rahisi, pindua kabureta juu chini floti ikae kwa uzito wake, puliza kwenye njia ya mafuta, hewa isipite.

Dalili moja nyingine uikariri: mashine inayowaka choki ikiwa imefungwa lakini ukiifungua tu inazima, hiyo asilimia kubwa ni jeti chafu, rudi hapo juu.

Na kuna mafundi ukiwapelekea mashine haina nguvu wanaivuta spring ya gavana ipige kelele ili uone imepona. Usikubali kabisa. Injini hizi zimepangwa kwa mizunguko kama 3,600 kwa dakika, ukiizidisha sana inaweza kurusha chuma ndani, na kwenye mashine ya majani kisu nacho kinazidi mwendo.

Tuje kwenye moto, ile hali ya plagi kulowa. Ifute, isugue na mswaki, weka mwanya wa ncha zake uwe 0.7 mpaka 0.8 mm. GX160 inatumia NGK BPR6ES na zinapatikana maduka mengi ya spea mjini, ila angalia vizuri maana feki zipo, porselini yake haijanyooka na maandishi yanafutika kwa kidole. Rangi ya plagi nayo isome: kahawia ya udongo ni nzima, nyeusi kavu yenye masizi ni mafuta mengi au chujio la hewa limeziba, nyeusi yenye oili ni ringi za pistoni zimekwisha au oili imezidi, nyeupe iliyoungua ni hewa nyingi na mafuta kidogo, hiyo usiendelee kuitumia mpaka umejua kwanini.

Kuangalia cheche, rudisha plagi kwenye kofia yake, ule mwili wa chuma uguse injini, mbali na tundu la plagi maana pale panatoka mvuke wa petroli, alafu mtu avute kamba. Fanya kivulini uone vizuri. Hakuna cheche? Usikimbilie koili, ile inayotengeneza umeme wa cheche. Kwanza oili. Nyingi ya hizi injini zina sensa, oili ikipungua inakata moto makusudi, na hata ukiiweka mashine kwenye mteremko inakata, na huku kwetu kwenye vilima vya mawe mteremko ndo uwanja wenyewe. Weka mashine sehemu tambarare, jaza oili 10W-30 mpaka ifike ukingoni mwa tundu la kujazia, inaingia kama lita 0.6. Bado? Chomoa waya wa ile sensa ujaribu tena, cheche zikirudi na oili ipo, sensa ndo mbovu. Bado tena? Vua mfuniko wa feni, angalia kama waya wa swichi ya kuzimia haujagusa bodi, alafu sugua kwa msasa ile sumaku ya gurudumu na miguu ya koili, kutu ya unyevu wa ziwani inakaa hapo sana. Mwanya wa koili na sumaku ni 0.4 mm hivi, kadi ya biashara iliyo ngumu inakaa vizuri hapo kama huna fila geji ya kupimia mwanya. Vyote hivyo vikishindikana ndo ununue koili.

Kuna hii ya mawe nayo. Mwanza jiwe lipo chini ya kila jani. Mashine ya kusukuma ambayo kisu kimefungwa moja kwa moja kwenye shafti ya injini, ikigonga jiwe ikazima ghafla, alafu ikawa inapiga mlio kwenye eksozi, au kamba inakunyang'anya mkono, au haiwaki kabisa wakati cheche zipo na mafuta yapo, basi kile kichuma kidogo cha mraba kinachoshika gurudumu la sumaku, mafundi wanaita kii, kimekatika au kimesogea. Moto unakuja wakati sio wake. Fungua gurudumu, utakiona, weka kipya cha aina yake. Usichonge msumari ukauweka hapo, injini nyingi za mashine hizi kile kichuma kimetengenezwa laini kusudi kikatike chenyewe.

Upande wa hewa maelezo ni mafupi. Chujio la sponji lioshe kwa maji ya vuguvugu na sabuni, likauke kabisa, tia oili ya injini kidogo, kamua mpaka isidondoke. La karatasi ligonge polepole, usilioshe, likiwa jeusi nunua. Ile misimu wadudu wadogo wa ziwani wanapokuja kwa wingu wanajaa kwenye chujio na kwenye yale mapezi ya kupoozea injini, vua mfuniko utoe takataka, na uangalie panya hajajenga maana wanapapenda sana. Injini ikikosa upepo inachemka na haina geji ya joto ya kukutahadharisha.

Oili ibadilishe injini ikiwa ya moto kiasi ndo inashuka na uchafu wake. Mpya kabisa au iliyotoka kutengenezwa, badilisha baada ya masaa 20, baada ya hapo kila masaa 100 au miezi sita. Ikiwa nyeupe ya maziwa imeingia maji, badilisha mara mbili. Ile chafu weka kwenye dumu upeleke gereji wanakokusanya, sio kwenye mtaro, tafadhali sana, mitaro yetu yote inaishia ziwani na ziwani ndo tunakunywa na ndo tunakula.

Ukitaka kulaza mashine ya majani kufikia kisu, ilaze plagi na chujio la hewa vikiwa juu, ukiilaza kinyume oili inaingia kwenye kabureta na chujio. Kisu ukinoa noa pande zote sawa, kitundike katikati kwenye msumari ukutani, upande unaoshuka bado mzito, unoe tena. Kisu kisicho sawa kinatikisa mashine mpaka bolti zinalegea na beringi zinakufa. Kamba ikikatika funga nyingine, ila ile spring ya ndani ya kapi usiitoe kama huna uhakika, inaruka.

Kwa wenye pampu za bustani kandokando ya ziwa: pampu inawaka lakini haivuti maji, tisa kati ya kumi sio pampu, ni bomba la kuvutia linaingiza hewa kwenye maungio, au valvu ya mguuni, ile ya mwisho wa bomba ndani ya maji, imejaa gugu maji. Funga chujio la valvu na kikapu au wavu, jaza pampu maji kabla ya kuwasha, na isogeze karibu na maji, kuvuta zaidi ya mita 7 kwenda juu usitegemee. Kuiendesha kavu inaunguza sili, ukiona maji yanatiririka kati ya pampu na injini ndo hiyo imeshakufa.

Gari kuukuu au pikapu iliyosimama nayo inakufa kwa kukaa vile vile, inaanza betri. Betri nzima iliyojaa ikipumzika inasoma volti 12.6, ikiwa 12.0 imeshaisha sana na ukiiacha hivyo miezi inajiua. Gari ikiwaka isome kati ya 13.8 na 14.4, chini ya hapo angalia mkanda wa alteneta kwanza. Ule unga kwenye teminali mwagia maji ya moto yenye magadi soda, sugua, kausha, paka grisi. Ukifungua anza na hasi, ukifunga hasi iwe ya mwisho. Tairi angalia zile namba nne za mwisho pembeni, 2316 maana yake wiki ya 23 mwaka 2016, hata kama kashata zipo raba yake imeshachoka. Na usiingie chini ya gari iliyoshikwa na jeki peke yake, weka stendi au magogo mazito.

Ukimaliza mafuta, moto na hewa na bado haiwaki, vuta kamba taratibu. Ikiwa nyepesi tu haina pale pazito, hakuna kompresheni, yani hewa haigandamizwi ndani ya silinda. Mara nyingi ni valvu zimebanwa, na hii bado unaweza: injini ya baridi, pistoni juu kabisa valvu zote zimefungwa, weka mwanya wa valvu ya kuingiza 0.15 mm, ya kutoa 0.20 mm. Tia kijiko cha oili kwenye tundu la plagi uvute tena, kompresheni ikirudi ni ringi zimekwisha, na hapo sasa mpelekee fundi mwenye vipimo, sio wa kubahatisha. Ukienda kununua spea beba ile ya zamani mkononi, usiende kuelezea kwa mdomo.

Na ukijua mashine haitafanya kazi mwezi mzima, funga koki uiache injini iungurume mpaka izime yenyewe kwa kukosa mafuta, mwaga yaliyobaki kwenye bakuli kwa ile bolti ya pembeni, mwaga na ya tenki. Tia kijiko cha oili kwenye tundu la plagi, vuta kamba mara mbili, rudisha plagi, alafu vuta tena taratibu mpaka uhisi pazito uachie hapo hapo. Pakiwa pazito valvu zote mbili zimefunga, unyevu hauingii kwenye silinda. Ifunike kwa gunia au turubai lenye upenyo, usiifunge nailoni ikatokwa jasho ndani.